Spea Isiyo na Nambari

Gari la babu lilikuwa limezingirwa na nyumba. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mabati wa jirani, nyuma choo cha ploti, ubavuni mtaro wa maji machafu ambao ukikosea hatua moja unaingia mpaka magotini. Sisi watoto tulijua ni mali ya kuku. Walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nyanya alianika omena juu ya boneti na nguo kwenye keria. Hakuna aliyeuliza liliingiaje pale, kwa sababu mtoto wa Lindi huzoea mapema kwamba kitu kinawekwa mahali, halafu watu wanajenga kukizunguka.

Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu waliokadiriwa kuwa 30,000 walibaki bila makao, na Lindi ilikuwa moja ya vijiji vilivyopitiwa. Nyumba yetu ilisazwa. Ya jirani haikusazwa. Kesho yake nilisimama mahali palipokuwa jikoni kwa Mama wa watu na nikaliona gari letu kutoka upande ambao sikuwa nimewahi kuliona maishani. Kwenye mlango wa nyuma, chini ya kutu, kulikuwa na tarakimu tatu: 404.

Sina njia nzuri ya kusema hili. Gari letu lilipata njia ya kutokea kwa sababu watu wengine walipoteza mahali pa kulala. Nimelikumbuka kila nilipoinama chini ya gari hilo.

Lilikaa hivyo hivyo, wazi, zaidi ya miaka mitatu. Halafu mwisho wa 2021 mambo mawili yakakutana. Mimi nilikuwa nimeachana na chuo, nikiandika vitu vya watu kwa malipo ya mkono kwa mkono, na nikawa na asubuhi nyingi zisizo na kazi. Na jamaa mmoja wa Karen, mpenzi wa magari ya zamani, akaambiwa na mtu kwamba kuna Peugeot 404 ya stesheni wagon Lindi. Alikuja, akalizunguka mara mbili, akainama, akasema bei. Ilikuwa pesa ambayo kwetu inaitwa maisha. Lakini alikuwa na sharti moja: litembee, na liwe vile lilivyotoka kiwandani. "Nataka kila kitu cha ukweli," alisema. "Vitu vya Grogan sitaki."

Nyanya alimwangalia mpaka akaondoka, kisha akaniambia, "Wewe si ndiye umesoma historia? Tengeneza."

*

Kwa wale ambao walizaliwa baada ya Toyota kumaliza kila kitu, wacha nieleze 404 ni nini.

Peugeot waliitoa Mei 1960. Umbo lake lilichorwa kwa Pininfarina kule Italia, ndiyo maana ina yale mapezi madogo ya nyuma kama samaki aliyevaa suti. Injini ya kawaida ilikuwa ya cc 1618, na imelazwa upande, nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Gia iko kwenye usukani. Ilitengenezwa pia kama stesheni wagon, na kuna aina ya safu tatu za viti, iliyokusudiwa familia kubwa za Ufaransa. Ufaransa waliacha kuitengeneza mwaka 1975. Sisi hatukuwa tumeanza kuichoka.

Jina lake hapa kwetu lilijengwa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo mvua ya Pasaka hugeuza uji. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, vijana wa Tanzania, wakashinda kwa 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi na hasira zake, yakamaliza tena magari 7 tu, na wa kwanza akawa Nowicki yule yule na Cliff yule yule, na gari lile lile kwa jina. Ushindi mara nne katika miaka sita. Baada ya hapo huhitaji tangazo. Daktari alitaka Pijo, padri alitaka Pijo, na mtu wa teksi za safari ndefu alitaka Pijo zaidi ya wote.

Hii yetu ilikuwa ya mwaka 1968. Babu alikuwa dereva wa familia moja ya kigeni iliyofungasha ikaenda zake, na gari likabaki kwake, kwa bei au kwa shukrani, hiyo inategemea ni mjomba gani anasimulia. Kitu ambacho wajomba wote walikubaliana ni hiki: lilikuwa gari la familia. Arusi, mazishi, Idi, hospitali. Basi.

*

Tulilivuta mpaka Kawangware, kwa fundi mmoja mzee ambaye alianza kazi akiwa kijana pale Grogan, yaani Kirinyaga Road, wakati ambapo Pijo zilikuwa zinapanga foleni kumngoja. Nilifika na spana mkononi. Akaninyang'anya.

"Kijana, usifungue kitu. Andika kwanza."

"Niandike nini, mzee?"

"Kila kitu usichokijua."

Nilinunua daftari la kurasa 96. Kufikia jioni nilikuwa nimejaza orodha ya vitu 31. Vingine vilikuwa ndani ya gari, vingine kwenye makopo matatu ya Kasuku yaliyokuwa chini ya kitanda cha Nyanya, yamejaa vyuma vilivyopakwa grisi na kufungwa kwenye gazeti. Sikuvijua hata kimoja kwa jina. Nilikuwa nimekaa chuoni nikifundishwa namna ya kuhoji hati: nani aliiandika, lini, kwa nini, anaficha nini. Sikuwa nimefikiria kwamba maswali hayo hayo unaweza kukiuliza chuma.

Fundi alinifundisha mpangilio wake. Kwanza tafuta jina la kampuni. Gari halitengenezwi na mtu mmoja. Kwenye kabureta utaona Solex, kwenye distribyuta Ducellier, kwenye saa za dashibodi Jaeger. Hao wote ni Wafaransa waliowauzia Peugeot. Ukiona Lucas hapo, jua Mwingereza ameingia baadaye. Ukiona maandishi ya Kijapani, jua ni miaka ya karibuni.

Pili, tafuta nambari. Na hapa ndipo wengi hupotea. Nambari iliyomwagwa pamoja na chuma mara nyingi ni ya kiwanda kilichomwaga, si ile unayoagizia dukani. Nambari ya kuagizia ya Peugeot ina mtindo wake: tarakimu nne, nukta, kisha mbili. Zile nne za kwanza ni kama anwani. Zikiwa 1201 hiyo ni pampu ya maji. 1109 ni filta ya oili. 5206 ni shokabsoba. Ukishajua mtaa, nyumba utaipata. Ndani ya wiki mbili, kwa kutumia kitabu cha spea cha fundi kilichokuwa kimebaki bila jalada, na picha za wenzetu wanaopenda gari hilo huko Ufaransa, orodha yangu ilishuka kutoka 31 hadi 9.

Hivyo 9 vilinichukua miezi. Nitaeleza vinne.

*

Cha kwanza kilikuwa waya. Waya mmoja tu, mweusi, uliokatwa karibu na feni, na mbele yake kishikio kidogo chenye kipande cha kaboni, kama kile cha stata lakini kidogo zaidi. Hakikugusa kitu cha maana. Niliwaza ni cha alamu ya wezi, kisha redio. Msee mmoja wa gereji ya jirani aliapa ni cha kuzuia radi.

Fundi aliponiona nakizungusha alicheka. Feni ya 404, akasema, haizunguki muda wote. Ndani ya puli kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata joto, swichi inapeleka umeme kwenye ile kaboni, kaboni inaupeleka kwenye puli inayozunguka, sumaku inashika feni, feni inaanza kazi. Maji yakipoa, sumaku inaachilia. Injini haipotezi nguvu bure na inapata joto haraka asubuhi ya baridi. Leo karibu kila gari lina feni inayojizima. Peugeot walikuwa nayo tangu miaka ya 50.

"Sasa mbona imekatwa?"

Alinionyesha skrubu tatu kwenye uso wa feni. Kazi yake ni kurekebisha nafasi kati ya sumaku na feni, nafasi isiyofika milimita moja. Lakini ukizikaza mpaka mwisho, feni inagandana na puli na kuzunguka muda wote, umeme uwepo usiwepo. Hizi zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho, na vichwa vyake vimechakaa kwa spana.

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari: imeharibika. Fundi aliniambia nifute. "Haijaharibika. Imefungwa. Mtu amekaa kwa foleni, gari inachemka, ana watu ndani. Akafanya uamuzi." Nikafuta, nikaandika: imefungwa na dereva. Ndilo jambo la kwanza nililojua kuhusu babu ambalo sikuambiwa na mjomba yeyote.

*

Cha pili kilikuwa kwenye kopo la Kasuku. Gurudumu la rangi ya shaba, zito kama jiwe la kusagia, meno yake yamepinda kama yaliyokatwa na mtu aliyeinamisha kichwa. Nilidhani ni la posho mill. Binamu yangu hakudhani kitu. Alilibeba mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu shaba ni pesa.

Hiyo ilikuwa Januari 2022. Kama unakumbuka, mwezi huo umeme ulipotea nchi nzima baada ya milingoti mikubwa kuanguka, ikasemwa vyuma vyake vimeibwa, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Mnunuzi alimwambia binamu arudi mambo yakitulia. Binamu akarudi na gurudumu begani, amenuna. Kama si katazo hilo, kipande hicho kingeyeyushwa wiki hiyo hiyo na mimi ningekuwa naandika kitu kingine.

Lilikuwa gurudumu la difu. Magari mengi yana difu ya chuma kwa chuma. Peugeot wa zamani, yaani 203, 403 na 404, walitumia skrubu nene ya chuma inayolizungusha gurudumu la shaba. Inafanya kazi kimya na inadumu sana, ila ina masharti yake. Baadhi ya oili za kisasa za gia zina dawa ambazo polepole huila shaba. Ukiweka oili yoyote tu kwa sababu imeandikwa ni ya gia, unaiua difu ukidhani unaitunza. Babu alijua. Ndiyo maana alikuwa na gurudumu la akiba, limepakwa grisi, limefungwa kwenye gazeti, chini ya kitanda. Na ndiyo maana lile lililokuwa ndani ya gari, tulipolifungua, lilikuwa bado lina meno yake yote.

*

Cha tatu ndicho kilichonisumbua zaidi.

Juu ya injini kuna shingo ndogo ya aluminiamu, pale ambapo paipu ya juu ya rejeta inashika. Hii yetu haikuwa na jina la kampuni. Haikuwa na nambari, ya kiwanda wala ya kuagizia. Nilitafuta kwenye kitabu cha fundi, nikalinganisha na picha za 403, 404, 504. Umbo lilikaribia lakini halikulingana. Ilikuwa nene kuliko zote, matundu ya bolti yamevutwa kidogo kama yai, na uso wake una chunusi ndogondogo. Pembeni palikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa msumari.

Nilimpelekea fundi nikiwa na hakika kwamba nimepata kitu adimu, pengine cha gari la mashindano. Aliishika, akapitisha kidole juu ya zile chunusi.

"Huu ni mchanga," akasema. "Hii imemwagwa hapa Nairobi."

Akanieleza inavyofanywa. Unachukua shingo nzee iliyotoboka, unaiziba nyufa kwa nta au sabuni, unaikandamiza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya fremu mbili za mbao, unaitoa, inabaki alama yake. Unayeyusha pistoni zilizokufa, unamwaga. Ikipoa unapiga tupa na kutoboa matundu. Wanaomwaga sufuria wanatumia mbinu hiyo hiyo. Aluminiamu ikipoa hunywea kidogo, kwa hivyo kipande kinatoka kidogo kuliko kile ulichoiga, na matundu hayaangukii pale pale. Ndiyo maana yamevutwa: mtu aliyapanua kwa tupa mpaka bolti zikaingia. Na mwagaji, kwa kuogopa kitapasuka, alikifanya kinene.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo badala ya kununua? Hapa historia ya nchi inaingia kwenye injini. Miaka ya 70 na 80 huwezi tu kuagiza spea Ufaransa. Ulihitaji leseni ya kuingiza bidhaa, na fedha za kigeni zilikuwa chini ya udhibiti wa serikali. Vizuizi hivyo viliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 90, na mara Toyota kuukuu zikaingia kama mafuriko na spea zake za bei ya chini. Kati ya hapo, miaka karibu ishirini, Pijo za nchi hii zilitembezwa na watu waliokuwa wakimwaga, wakichonga, wakichomelea na kukata bushi kutoka kwa tairi kuukuu, wengi wao bila paa juu ya kichwa. Ndiyo maana wakaitwa jua kali.

Wakati huo wakubwa wa mji walikuwa wakiwafukuza kama uchafu. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya na kusema wazi kwamba kazi hizi zisizo na leseni zina tija, na kwamba tatizo ni kusumbuliwa na mamlaka. Serikali yenyewe ilikuja kuandika waraka wa bunge kuhusu jua kali mwaka 1992, miaka ishirini baadaye. Lakini hakuna ripoti iliyoandika ni nani alimwaga kitu gani. Peugeot wana nambari ya kila nati waliyowahi kutengeneza. Sisi tuna nukta tatu.

Nilimuuliza fundi ni za nani.

"Kila mtu alikuwa na alama yake. Huyu simjui."

Nilienda Kariobangi, nikaenda Gikomba, nikaenda Grogan, na shingo ile ndani ya mfuko wa unga. Wazee waliishika, wakaigeuza, wakaisifu. Mmoja alisema, "Huyu alikuwa na mkono." Hakuna aliyelijua jina.

*

Cha nne nilikuwa nakikanyaga kila siku. Nyuma, kwenye sakafu ya buti, kulikuwa na matundu manne na ndani yake bolti zilizochomelewa kutoka chini. Kila bolti ilikuwa na nati yenye masikio mawili, ya kufunguliwa kwa vidole bila spana. Hakuna gari la kiwandani lenye kitu kama hicho. Kwenye kopo la tatu la Kasuku nilipata nati nyingine nne za aina hiyo hiyo.

"Ni za benchi," fundi alisema bila hata kuinua kichwa.

"Benchi gani? Hii ilikuwa gari ya familia."

"Familia ya nani, inayofungua viti kwa vidole?"

Nilirudi Lindi jioni hiyo. Nyanya alikuwa anachambua mchele. Niliziweka zile nati kwenye sinia, mbele yake. Alizitazama kwa muda, akatoa changarawe moja, akaitupa.

"Ulidhani karo ya mama yako ililipwa na kuku?" akaniuliza.

Ndipo nikasikia. Wakati babu alipolipata gari hilo, leseni ya kubeba abiria jijini ilikuwa ya mabasi ya Kenya Bus Service. Watu wa mitaa kama yetu hawakuhesabika sana kwenye ramani ya mabasi. Kwa hivyo magari ya watu binafsi yalibeba kwa siri, senti thelathini kwa safari. Kwa maelezo ya wengi, neno matatu limetoka hapo: sarafu tatu za senti kumi, kwa Kikuyu. Ilikuwa kosa. Babu alitoka kabla ya jua, benchi limefungwa nyuma, watu kumi na mmoja wamebanana. Akisikia kuna polisi mbele, abiria wanashuka, nati zinafunguliwa kwa vidole, benchi linaingia kichakani, na ghafla mzee ni dereva wa familia anaenda sokoni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba watu bila kuhitaji leseni ile. "Siku hiyo babu yako hakufanya kazi," Nyanya alisema. "Alilala. Alilala mpaka adhuhuri, nikadhani anaumwa."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Kijana, ukiwa Mnubi hapa, hata ardhi uliyozaliwa unaambiwa ni ya serikali. Unataka tena uwaambie watoto kwamba baba yao alikuwa mvunja sheria?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wanajeshi wa Kinubi wa King's African Rifles waliwekwa Kibra na Waingereza, na mahali hapa pakatambuliwa rasmi kama makazi yao mwaka 1918. Hati ya ardhi, ekari 288, ilikuja kutolewa Juni 2017. Hata jina la kijiji chetu wazee husema lililetwa na wanajeshi, kutoka Lindi ya kusini mwa Tanganyika, ambako KAR walipigana vita vikali mwaka 1917. Nimezaliwa mahali ambapo jina ni kama ile nukta ya msumari: mtu aliligonga, wengine wakasahau nani.

*

Gari lilipoanza kunguruma, ilikuwa Jumamosi, tulikuwa tumebaki na swali moja. Mnunuzi alikuja na simu yenye picha ya shingo halisi ya maji, ya Ufaransa, inayouzwa. Bei yake pamoja na usafiri ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mitano. Alikuwa tayari kulipa. Alitaka pia feni ifunguliwe, matundu ya buti yazibwe, nati zitolewe. Alikuwa na ndoto ya kulipeleka Concours d'Elegance, pale Ngong Racecourse, ambako magari yaliyong'arishwa hukaguliwa na waamuzi wanaoinama mpaka chini ya bodi. Kutoka Lindi kwenda huko ni mwendo wa miguu. Nilikuwa nikisikia spika zake nikiwa mtoto.

Sitamfanya awe mtu mbaya. Alilipenda gari lile kuliko nilivyolipenda mimi kwa miaka ishirini. Na kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Pijo za zamani zilizobaki ni hizi hizi, na kama watu wa aina yake wasingekuwepo zingeishia kwa mizani ya chakavu, kama gurudumu letu lilivyokaribia. Lakini alikuwa ananiomba nifute. Kila alichokiita si halisi kilikuwa ndicho kitu pekee kwenye gari lile kilichotokea hapa.

Nilimwambia nitafungua feni na kurudisha waya, kwa sababu waya wa kiwandani ulikuwepo na babu mwenyewe angeurudisha kama angepata swichi. Nilimwambia matundu yazibwe kwa plagi za mpira zinazotoka, si kwa kuchomelea. Kuhusu shingo nilikataa.

"Hiyo si spea ya Peugeot," akasema.

Fundi alijibu kabla yangu. "Ya Peugeot ilioza. Hii imeshika maji miaka arobaini. Wewe unataka ipi?"

Tukabishana saa nzima. Mwishowe akakata bei. Akaikata vizuri tu, kiasi ambacho kingemalizia deni la hospitali la Nyanya. Niliona aibu kumtazama. Kusema kweli ningekubali, ningeitoa shingo pale pale kwa mikono yangu, kama angeniambia. Alimuuliza jamaa swali moja tu: "Ukiitoa utaipeleka wapi?" Jamaa hakuwa na jibu. Nyanya akasema, "Basi iache ikae."

Benchi lenyewe lilipatikana. Lilikuwa jikoni kwetu muda wote. Ndilo nililokalia nikinywa uji kabla ya kwenda shule. Lina matundu manne miguuni ambayo nilidhani ni ya mchwa. Hilo hatukuuza.

Gari liliondoka na nakala ya daftari kwenye dashibodi. Vitu 30 vina jina la kampuni na nambari, au jina la babu na sababu yake. Ukurasa wa mwisho nimeandika hivi, kwa mwandiko unaosomeka, kwa yeyote atakayekuja na spana:

Shingo ya maji. Imemwagwa kwa mchanga, Nairobi. Alama: nukta tatu. Fundi wake hajulikani. Haivuji. Usiibadilishe.